Lisanse iko, halafu nini? Historia ya kazi ya ortofonisti na ngazi mbili za kuipanda

Kila mwaka, kisha deliberasio, tunaulizana ulizo lile lile: lisanse iko, halafu nini? Yule wa saikolojia anajibu kama atatafuta kazi mu ONG. Yule wa isimu ya lugha anajibu kama atafundisha Kifaransa ku sekondere. Yule wa biolojia ananyamaza, anangojea. Leo ninataka niwaelezee, ndugu zangu, historia ya kazi moja inayowahitaji hao watatu kwa pamoja, na ambayo wengi wetu hatukuisikia hata siku moja ku auditoriumu: kazi ya ortofonisti. Ku Ufaransa wanaiita ortofoni. Ku Ubelgiji wanaiita logopedi, na kwa sababu historia yetu ilipitia Brussels, hilo jina la pili linasikika sana kwetu Kongo. Kazi ni ile ile.

Ortofonisti anatunza kusema. Mutoto wa miaka minne ambaye bado hasemi, kijana mwenye kigugumizi, mwalimu aliyepoteza sauti kwa kupaza sauti mbele ya wanafunzi 80, muzee aliyepigwa na AVC na maneno yakamupotea, wote ni wagonjwa wake. Anatunza tena kumeza. Watu wengi hawajue kama kisha AVC mugonjwa anaweza kufa kwa sababu ya kijiko cha uji kilichopita njia ya mapafu badala ya njia ya tumbo. Basi haiko kazi ya kusahihisha matamshi ya watu wa redio.

Mimi lisanse yangu iko ya lugha. Ulizo lililonisukuma kusoma historia hii lilikuwa hili: nani aliwafundisha wale wa kwanza? Muntu hawezi kuwa na diplome ya masomo ambayo haijazaliwa. Jibu lilinishangaza, na ninawaza kama linatuhusu sana sisi wenye diplome bila kazi.

1. Waganga waliona, lakini hawakufundisha

Wengi wanaanzisha historia mu mwaka wa 1861, ku lopitali ya Bicêtre karibu na Paris. Kulikuwa mule mugonjwa mumoja, Leborgne, aliyekuwa amekaa mule miaka 21. Alikuwa anasikia mambo anayoambiwa, lakini kinywa chake kilikuwa kinatoa neno moja tu: «tan». Wakamupa jina hilo, Tan. Mu mwezi wa Aprili munganga mupasuaji Paul Broca akamupima. Siku chache kisha Leborgne akafa. Broca akafungua ubongo wake, akaona pahali palipoharibika, upande wa kushoto, kuelekea mbele. Mu mwaka wa 1874 Carl Wernicke, munganga Mujerumani aliyekuwa na miaka 26 tu, akaelezea ugonjwa mwingine: watu wanaosema mbio na mingi, lakini maneno hayana maana, na wao wenyewe hawasikii vizuri wanachoambiwa. Magonjwa hayo ya maneno kupotea kwa sababu ubongo umeumia yanaitwa afazia.

Angalieni jambo moja. Waganga hao walikuwa wakubwa, lakini kazi yao ilikuwa kuonyesha pahali penye kuharibika. Nani angeketi na mugonjwa asubuhi na mangaribi, kumurudishia neno moja moja? Kwa hiyo hakukukuwa muntu mwenye jina wala mushahara. Kujua ugonjwa ni kazi moja, kufundisha mugonjwa ni kazi ingine.

Ku Vienna, munganga mumoja, Emil Fröschels, alitaka hizo kazi mbili zikutane. Neno «logopedi» lilienea sana kwa sababu yake. Mu mwaka wa 1924 akaanzisha shirika la kimataifa la logopedi, na shirika hilo linaishi mpaka leo. Fröschels alielewa kama muganga peke yake hatafika, na mwalimu peke yake hatafika.

2. Vita viliwalazimisha

Kitu kilichofanya kazi hii ikomae mbio ni vita. Mu Vita ya Kwanza ya Dunia, vijana maelfu walirudi na risasi mu kichwa. Walikuwa wazima wa miguu na mikono, lakini bila maneno. Ku Frankfurt, Kurt Goldstein, munganga wa ubongo, alifungua nyumba ya kutunza askari hao, na hakufanya peke yake: alifanya pamoja na Adhémar Gelb, mwana-saikolojia. Mu Vita ya Pili, Alexander Luria alifanya kazi ya namna hiyo ku milima ya Ural, mu lopitali ya askari wa Soviet. Luria alianza na saikolojia, kisha akaongeza masomo ya uganga. Mbele ya kuendelea, kumbukeni hiyo: alikuwa na diplome moja, akaongeza ingine.

Ngambo ingine ya dunia, ku Australia, kulikuwa Lionel Logue. Huyo hakuwa munganga hata kidogo. Alikuwa mwalimu wa kusema vizuri mbele ya watu, muntu wa tamasha na mashairi. Kisha Vita ya Kwanza akaanza kusaidia askari walioharibika sauti na kusema. Mu mwaka wa 1924 akaenda London, na mu Oktoba 1926 akapokea mugonjwa ambaye alifanya ajulikane: mutoto wa mufalme, ambaye kisha alikuwa Mufalme George VI, mwenye kigugumizi kikali. Tarehe 3 Septemba 1939, siku Uingereza iliingia vitani, mufalme akasema ku redio, na Logue alikuwa kando yake.

Watu wanapendaka hadisi hiyo juu ya mufalme. Mimi ninaipenda juu ya jambo lingine. Logue alijua kama kesho kila muntu mwenye ulimi mwepesi atafungua kabine na kusema «mimi pia ninatunza kigugumizi». Kwa hiyo, mu mwaka wa 1935, yeye asiye na diplome akasaidia kuanzisha shirika la wataalamu wa kusema ku Uingereza. Mu mwaka wa 1945 shirika hilo likaungana na lingine, wakafanya koleji moja yenye kutoa ruhusa ya kazi. Yule aliyeingia kwa dirisha ndiye aliyesaidia kujenga mulango, na akakubali uwe na ufunguo.

3. Mwanamuke wa fonetiki

Turudi Paris. Mu miaka ya 1920 kulikuwa munganga mupasuaji, Victor Veau, bingwa wa kushona watoto waliozaliwa na kaakaa iliyopasuka. Kazi yake ilikuwa safi: tundu linafungwa, mutoto anakula bila chakula kutokea ku pua. Lakini mutoto akifungua kinywa kusema, sauti inaendelea kupita ku pua na watu hawasikii kitu. Kisu kilimaliza kazi yake, lakini kusema hakukuja.

Mu mwaka wa 1926 Veau akaomba musaada kwa mwanamuke mumoja kijana, Suzanne Borel-Maisonny. Huyo hakusomea uganga. Alisomea lugha na fonetiki, namna sauti zinatengenezwa mu kinywa. Alianza kufundisha watoto wa Veau, mumoja kwa mumoja: namna ya kupuliza, namna ya kufunga njia ya pua, namna ya kuweka ulimi. Kisha akaingia mu magumu mengine ya kusema na ya kusoma, akafundisha wengine, na ku Ufaransa leo wanamuhesabia kuwa mama wa ortofoni. Ilihitaji miaka karibu 40 mupaka serikali itambue: sheria ya tarehe 10 Julai 1964 njo iliweka kazi ya ortofonisti rasmi. Na mu mwaka wa 2013 masomo yakapandishwa mpaka kiwango cha masta, miaka 5 kisha diplome ya Serikali ya sekondere.

Ninawaomba wanafunzi wa lugha wasome tena hiyo sehemu. Wanatuambiaka kama fonetiki haiwezi kumulisha muntu. Lakini watoto wa Paris waliozaliwa na kaakaa iliyopasuka walifundishwa kusema na muntu wa fonetiki. Kwetu, mara na mara, kampeni za upasuaji wa bure zinapita mu miji na watoto wanashonwa. Wale wa mudomo tu wanarudi nyumbani wakiwa wazuri. Lakini wale wa kaakaa wanakutana na ulizo lile lile la Veau: kisu kimemaliza, sasa nani atafundisha?

4. Marekani: kazi inaingia ku iniversite

Wamarekani walifanya kwa njia yao. Ku Iniversite ya Iowa, mukubwa wa masomo ya juu, Carl Seashore, mwana-saikolojia, aliwaza kama magumu ya kusema yanahitaji muntu aliyetayarishwa makusudi, akisoma saikolojia, uganga na lugha pamoja. Akamuchagua mwanafunzi Lee Edward Travis, aliyepata dokta mu mwaka wa 1924. Mwaka uliofuata, 1925, kikundi kidogo cha wataalamu kikaanzisha shirika ambalo leo linajulikana kama ASHA. Kwa hiyo ku Marekani kazi hii haikuanza chini, mu graduat. Ilianzia juu, mu masomo ya kisha lisanse, na ikakaa kule: tangu miaka ya 1960 wanaomba masta kwa muntu anayetaka cheti chao cha kutunza wagonjwa.

Na haiko masta ya kukaa tu na kusikiliza. Leo ASHA inaomba saa 400 za kazi mbele ya wagonjwa, chini ya macho ya mukubwa wa kazi. 325 kati ya hizo lazima zifanyike mu masomo ya masta. Kisha diplome, kuko tena wiki 36 za kazi yenye kuangaliwa. Yule mwenye kuwaza kama masta ni kuandika memuare na kungojea juri, hapa atatoka jasho.

Wengi waliokuja Iowa walikuwa na sababu yao. Wendell Johnson alikuwa na kigugumizi. Charles Van Riper vilevile. Walikuja kutafuta dawa yao wenyewe, wakawa walimu wakubwa wa kazi. Lakini kwa Johnson inatubidi tusimame kidogo.

5. Memuare ya 1939

Johnson aliwaza kama kigugumizi hakizaliwi mu kinywa cha mutoto, kinazaliwa mu sikio la muzazi. Mutoto anakwama kidogo, sawa vile watoto wote wanakwamaka. Wakubwa wanamukemea, «wewe una kigugumizi». Mutoto anaogopa, na woga unaleta kigugumizi cha kweli. Wazo lilikuwa na uzito. Lakini namna ya kulipima ilikuwa mubaya.

Mu mwaka wa 1939 mwanafunzi wake wa masta, Mary Tudor, alitumwa ku nyumba ya mayatima ya Davenport, mu jimbo la Iowa. Walichagua watoto 22. Kati yao, 6 walikuwa wanasema vizuri kabisa, lakini kwa miezi waliambiwa kama wana dalili za kigugumizi, wajiangalie, wasiseme kama hawawezi kusema sawasawa. Watoto hawakuelezwa kweli ya mambo. Wazazi hawakukuwa wa kuulizwa: walikuwa mayatima, njo sababu walichaguliwa. Wataalamu bado wanabishana kama kuko hata mumoja aliyepata kigugumizi kamili. Lakini watoto wakaanza kunyamaza, wakajificha, masomo yakawaharibikia wengine. Tudor mwenyewe alirudi kule kisha kazi, akijaribu kuwaambia kama wanasema vizuri. Memuare ikawekwa ku biblioteke, Johnson hakuitangaza.

Ilipita miaka zaidi ya 60. Mu mwaka wa 2001 mwandishi wa gazeti akaifukua, na iniversite ikaomba musamaha mbele ya watu wote. Mu mwaka wa 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925.000 kwa wale waliokuwa watoto na kwa jamaa zao. Walijua mu uzee tu, kisha mwandishi kuifukua, juu ya nini maisha yao yote waliogopa kusema.

Ninaelezea jambo hilo kwa sababu ni kazi ya mwanafunzi wa masta, mutu wa umri wetu, mwenye diplome ya kwanza mu mukono na promota mukubwa mbele yake. Tukizungumuza masomo ya kisha lisanse tunazungumuza namna ya kupata bursa. Ni vizuri. Lakini saa zile 400 chini ya macho ya mukubwa, kamati ya maadili, karatasi ya ruhusa ya muzazi, hivyo vyote havikuwekwa ili kutuchelewesha. Viliwekwa kwa sababu kinywa cha mutoto kinaweza kufungwa na muntu mwenye diplome.

6. Ngazi mbili

Uingereza inatuonyesha ngazi zote mbili kwa wakati mumoja. Kisha vita, masomo yalikuwa ya diplome mu vishule. Mu mwaka wa 1972 tume iliyoongozwa na Randolph Quirk, mwana-isimu, ikatoa ripoti: kazi hii lazima iwe ya iniversite. Ilifanyika mu miaka iliyofuata. Leo kijana wa Uingereza anaweza kuingia moja kwa moja mu masomo ya kwanza ya ortofoni. Ao anaweza kumaliza lisanse ya isimu, ya saikolojia, ya biolojia ao ya kitu kingine cha karibu, kisha akafanya masta ya miaka 2, yenye staji ku lopitali na ku masomo ya watoto. Wote wawili wanaandikishwa mu kitabu kimoja cha serikali na wana haki moja. Hakuna anayemuita wa pili «wa njia ya mukato». Ufaransa haina mulango huo wa pili: hata ukiwa na dokta ya lugha, unaanzia chini.

Afrika pia imechagua. Ku Johannesburg, Iniversite ya Witwatersrand ilianza mu miaka ya 1930, na aliyeanzisha, Pienaar, alikuwa tena muntu wa fonetiki. Lakini kwa miaka mingi wanafunzi walikuwa karibu wote wazungu, wanasema Kiingereza na Kiafrikaans. Walikuwa na masomo mazuri, vyombo vizuri, na wengi wa wagonjwa wa inchi hawakuweza kusikilizana nao. Ku Lomé, École Nationale des Auxiliaires Médicaux imetayarisha waortofonisti kwa Kifaransa tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na wanafunzi wanatoka mu inchi nyingi za Afrika. Ku Kampala, Makerere ilifungua masomo ya kwanza ya kazi hii mu mwaka wa 2008, ya miaka 3, na Wakenya, Wanyarwanda na Watanzania wakaenda kusoma kule. Ku Accra, Iniversite ya Ghana ilichagua ngazi ya pili: tangu 2016, masta ya miaka 2 kwa watu wenye diplome ingine tayari.

Lomé na Kampala wanasema: tuanze chini, tupate watu wengi. Accra inasema: tuanze na wale waliokwisha kusoma, tupate mbio watu wa kufundisha wengine. Nikiulizwa kwa Kongo, ninakuwa upande wa Accra, kwa kuanza. Sababu ni ya hesabu. Kufungua masomo ya chini kunaomba walimu, na walimu wa kazi hii hatuna wa kutosha. Lakini wenye lisanse ya saikolojia, ya lugha, ya kine na ya unesi tunao, wako nyumbani. Mu mfumo wa LMD, lisanse miaka 3 na masta miaka 2, hesabu inakubali yenyewe. Historia yote niliyowaelezea inaunga mukono hiyo: Borel-Maisonny alitoka mu fonetiki, Travis mu saikolojia, Luria mu saikolojia.

Ninasikia pia jibu la mwenye kupinga. Masta itatoa watu 10 kwa mwaka, watabaki Kinshasa na Lubumbashi, na wenye paspoti watapanda ndege. Ni kweli. Kwa hiyo ngazi ya juu bila ile ya chini itakuwa nyumba ya paa bila ukuta. Wale 10 wa kwanza kazi yao ya kwanza iwe kufundisha: wanesi wa Kasenga na wa Fizi, walimu wa masomo ya musingi, ba mama wenyewe. Anayetaka masta hii ili afungue kabine ya watajiri tu mu muji, historia itamukumbusha kama Johannesburg ilijaribu mbele yake.

7. Kitu ambacho hakuna atakayetufanyia

Baba yangu mudogo alikuwa fundi wa reli, musemaji mukubwa mu jamaa. AVC ilimupiga mu usiku. Ku lopitali walimupa dawa za damu, kisha muntu wa kine akaja kwa ajili ya mukono na muguu. Kwa kinywa hakukuja muntu. Tukaambiwa «itarudi yenyewe». Ku nyumba wengine wakaanza kusema habari za ulozi, wengine wakawa wanamusemesha kwa sauti kubwa kama vile kiziwi, wengine sawa mutoto. Na yeye alikuwa anasikia yote. Uliona mu macho. Siku moja mama mudogo akaanza wimbo wa kanisa, na baba mudogo akaimba pamoja naye, maneno yote, sawasawa. Wimbo ulipoisha akajaribu kusema jina la muke wake, hakuweza. Jamaa wakasema ni muujiza umekatika katikati. Kumbe jambo hilo linajulikana tangu zamani mu afazia: wimbo, sala na hesabu za 1, 2, 3 zinaweza kubaki wakati maneno ya kawaida yamepotea, na waortofonisti wanapitia hapo ili kujenga tena. Mulango ulikuwa wazi, hakukuwa muntu wa kuupita.

Sasa tuseme ortofonisti wa Paris angekuja na sanduku lake la majaribio. Jaribio la Kifaransa linapima kama mutoto anajua «le» na «la». Kiswahili hakina hicho kitu. Chetu ni ki- na vi-, m- na wa-. Ciluba kinabadilisha maana kwa kupandisha na kushusha sauti. Kifaransa hakifanyi hivyo. Basi tutafute jaribio la Kiswahili? Tuangalie. Jaribio lililoandikwa kwa Kiswahili cha Unguja litangojea mutoto aseme «watoto wanacheza». Mutoto wa Kenya, commune ya Lubumbashi, atasema «batoto banacheza». Litangojea «kitabu changu», atasema «kitabu yangu». Litangojea «rafiki», pengine atasema «lafiki». Karatasi itaandika: makosa matatu, mutoto ana ugonjwa wa lugha. Na mutoto huyo hana ugonjwa wowote. Anasema sawa mama yake, sawa mwalimu wake, sawa mimi nikiwa ku soko. Tutakuwa tumefanya tena kazi ya Davenport, safari hii bila kujua.

Na kinyume chake kinaumiza pia. Mutoto mwenye shida ya kweli, anayechanganya mambo hata mu Kiswahili cha Lubumbashi, watamusamehe wakisema «ni lugha ya mitaa tu», na miaka ya kumusaidia itapita.

Ili kutenganisha hao wawili lazima muntu aandike kwanza: mutoto mzima wa miaka 3 wa Lubumbashi anasema namna gani? Wa miaka 4? Wa Bukavu? Wa Mbuji-Mayi, anayeishi mu Ciluba na Kifaransa pamoja? Sauti gani inakuja mbele, «mb» na «nd» ao «r»? Hiyo kazi hakuna Mufaransa ao Mumarekani atakayetufanyia, na haingojei bursa. Ni memuare za lisanse na za masta, zinazofanyika mu mitaa yetu. Borel-Maisonny alianza na vitu vya namna hiyo: sikio, daftari na uvumilivu.

Kwa yule anayetafuta masomo ya inje, neno moja la kazi. Kuko masta nyingi zenye jina la karibu, «sayansi ya lugha», «mawasiliano», «saikolojia ya kusema». Nyingi ni nzuri lakini hazitoi ruhusa ya kugusa mugonjwa. Mbele ya kulipa feza ya dosie, uliza mambo matatu: kuko saa ngapi za staji ya kutunza watu? Diplome inakubaliwa na serikali ya kule kwa kufanya kazi? Na staji itafanyika mu lugha gani? Jibu la tatu likiwa Kijerumani na wewe huijue, masta hiyo haiko yako bado.

Na kwa yule anayebaki, anza wiki hii. Mu kila jamaa yetu kuko mutoto wa miaka 4 anayesema bila kukoma. Omba ruhusa ya mama yake, umuelezee juu ya nini, akikataa ukubali. Akikubali, weka simu kando, cheza na mutoto nusu saa, kisha andika kila neno vile alilisema yeye, haiko vile wewe ungelisema. Kurasa 10 za namna hiyo, kutoka kwa watu 50 wanaosoma hapa, zitakuwa musingi wa jaribio la kwanza ambalo halitamuita mutoto wetu mugonjwa kwa sababu alisema «batoto».